Zuwakulu Hatoboi Mti Mzima

Siku niliyokwenda kuomba kazi niliambiwa nigeuke nitazame ukuta.

Nilikuwa nimekuja Bukoba mjini kuomba ukarani wa stoo. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu imeshavunjwa na waliobaki ni wazee kama mimi. Ilikuwa na kandarasi ya kusimika na kutunza nguzo za waya wa umeme kutoka mjini hadi Muleba. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alisoma barua yangu ya shule, akaikunja, akaniuliza kama naimba kanisani.

"Naimba sauti ya pili," nikasema.

"Basi geuka."

Nyuma yangu uani kulikuwa na nguzo tatu zimelazwa juu ya magogo. Akazigonga kwa nyundo, moja baada ya nyingine, mara mbili mbili, kisha akaniuliza ipi ni mbovu.

"Ya pili."

"Umejuaje?"

"Hizo nyingine zinaitika. Ya pili inanung'unika."

Hakucheka. Mkaguzi wake wa nguzo alikuwa ameanza kuwa kiziwi, na yeye Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kuwajaribu wanaume sita. Akanirudishia barua yangu. "Kesho njoo na viatu vya mpira," akasema. "Na gauni hilo liache nyumbani, umande wa Muhutwe utalimaliza." Hivyo ndivyo mimi Pelagia, binti wa mkulima wa kahawa, nilivyoingia katika kazi ambayo hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke hawezi kuifanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mwanamke angeiomba.

Ninyi vijana mnaziona nguzo kando ya barabara na hamziangalii mara mbili, kwa hiyo nitaeleza. Nguzo ni mkaratusi ulionyooka. Unamenywa magome, unaachwa miezi ukauke, kisha unaingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma na kushindiliwa dawa kwa nguvu. Dawa inaingia kwenye nyama ya nje, kiini hakinywi. Mti uliokaushwa vizuri hunywa dawa hadi unene wa vidole viwili. Mti ulioingizwa mbichi umejaa maji, na maji yanaikataa dawa, kwa hiyo unatoka umepakwa juu juu tu kama mkate uliopakwa siagi. Ukisimama barabarani huwezi kuzitofautisha. Zote nyeusi, zote zinanuka, zote zinang'aa. Ni baadaye, jua likishaipasua ile mbichi, mchwa na ukungu wanapoingia kwa mlango uliofunguliwa.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta hao walioingia. Nilichimba mguu wa nguzo hadi kina cha goti, nikachoma kwa msumari mrefu, kisha nikagonga kuanzia chini kwenda juu hadi mkono wangu unapofika. Nikiwa na shaka, nilitoboa tundu dogo kwa keekee na kuangalia unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi ya maziwa ni heri. Unga wa kahawia unaoshikamana vidoleni ni msiba. Nguzo nzima niliivika pete ya rangi nyeupe kifuani. Nguzo mbovu niliichora msalaba mwekundu, na hapo fundi laini, yaani yule anayepanda kwa vyuma vya miguuni na mkanda kiunoni, hakuruhusiwa kupanda.

"Ukipaka pete," Fundi Mkuu aliniambia juma lile la kwanza, "umemwambia mke wa mtu kwamba mumewe atarudi jioni. Usiipake ukiwa na haraka."

Watu walinicheka, nisiwafiche. Mwanamke mwenye suruali, anatembea na nyundo kutoka nguzo hadi nguzo, anagonga na kutega sikio. Pale Kemondo mzee mmoja alisimama na baiskeli yake, akauliza kwa sauti, "Waitu, huyu anabisha hodi kwa nani?"

"Kwa mchwa, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa Kihaya. "Na wapo nyumbani."

Fundi laini wa kikosi changu alikuwa Deogratias, kijana wa Kamachumu, mwembamba, mpiga mluzi, aliyekuwa akipanda nguzo kama mtu anayepanda ngazi za kanisa. Alinizidi mwaka mmoja lakini aliniita dada. Kabla ya kupanda alikuwa akiigusa pete yangu kwa kiganja. Anaigusa tu, kisha anapanda.

Ndege waliingia katika maisha yangu mwaka wa pili, na waliingia kwa kuniaibisha.

Kulikuwa na nguzo moja njiani kwenda Muhutwe ambayo nilikuwa nimeivika pete. Siku tatu baadaye tulipita tena, nikaona ndege wawili juu kabisa karibu na mkono, yaani ule mti wa kukingama unaobeba vikombe vya kaure vinavyoshika waya. Walikuwa weusi mgongoni na wekundu kifuani, na midomo yao ilikuwa minene, rangi ya pembe, yenye meno pembeni. Walikuwa zuwakulu. Mmoja alikuwa nje. Mwingine alikuwa amezamisha kichwa ndani ya nguzo yangu, anatupa nje vipande vya mti laini kama anayefagia nyumba.

Deogratias akatazama juu, akanitazama mimi. "Dada, hiyo nguzo umesema nzima."

"Nzima," nikasema.

Tuliegemeza ngazi kwenye mlingoti wa chuma wa gari letu, akapanda bila kuigusa nguzo, akaingiza bisibisi kwenye lile tundu. Iliingia yote. Juu kule, mahali ambapo mkono wangu na nyundo yangu havifiki, nguzo ilikuwa imeoza kama papai. Chini ilikuwa ikiitika vizuri kabisa.

Nilikwenda kwa Fundi Mkuu nikijua kwamba nimefukuzwa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nani alikuonyesha?" akauliza.

"Ndege, mzee."

"Basi mwandike ndege." Akachukua daftari langu la ukaguzi, lenye safu za namba ya nguzo, mguu, kifua na hukumu, akachora kwa rula safu moja zaidi pembeni. Juu yake akaandika kwa mkono wake: NDEGE.

Tangu siku hiyo nilitembea na macho mawili, moja chini na moja juu. Sikuwa na kitabu cha ndege. Nilijifunza kwa kusimama. Nilijua kigogota mdogo mwenye michirizi, yule anayegonga haraka haraka kwenye matawi membamba ya mibuni. Huyo anafuata funza walio karibu na gome, na akionekana nguzoni mara nyingi ni kwenye ufa. Nilijua kigogota wa kijivu mwenye kiuno chekundu, na yule mkubwa mwenye madoa anayependa sisimizi na mchwa, anayelia kwa kelele na mwenzake kama watu wanaogombania mpaka wa kibanja. Kigogota hali mti. Anagonga, anatulia, anasikiliza, kisha anachimba pale alipowasikia wadudu na kuwatoa kwa ulimi mrefu wenye utelezi. Niliwajua vitororo, wale wadogo wa manjano kiunoni wanaolia kutwa nzima kama fundi bati. Nilimjua mlembe, kiongozi wa asali, ambaye hachimbi chochote bali anavizia tundu la zuwakulu akatage mayai yake humo, alelewe watoto bure. Na kwenye nguzo kuukuu za uwanda wa Muleba nilimjua ndege mmoja wa kahawia mwenye koo jekundu, anayepinda shingo kama nyoka, ambaye hutumia matundu yaliyoachwa na wengine. Jina lake sijalijua hadi leo.

Sitawadanganya kwamba ndege ni malaika. Kigogota mkubwa akiamua anaweza kuchokonoa hata mti mzima, na niliwahi kuona nguzo mbili nzuri zimedonolewa. Lakini zuwakulu hawezi. Mdomo wake ni mnene, si patasi. Umeumbwa kwa matunda ya mtoma, ndugu yake mkuyu. Anachimba nyumba yake kwenye mti uliokwisha kulainika tu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sikuona hata mara moja tundu la zuwakulu kwenye mti mzima. Ukiliona tundu lake juu ya nguzo, huna haja ya kugonga. Paka msalaba, ondoka.

Fundi Mkuu alipostaafu, hatukupewa fundi mwingine. Tulipewa Meneja wa Tawi.

Alikuwa mtu nadhifu, aliyejua kuzungumza, na alikuja na mkataba mpya wa nguzo kutoka kiwanda cha mbali. Nguzo zilifika kwa malori zikiwa nyeusi na zinatiririka dawa. Niligonga chache uani, nikasikia uzito usio wa kawaida. Nikaitoboa moja kwa keekee: chini ya ngozi nyembamba ya dawa, mti ulitoa maji.

"Bwana Meneja," nilimwambia, "nguzo hizi ni mbichi."

"Zina mhuri wa kiwanda, Bi Pelagia."

"Mhuri haukaushi mti."

Alitabasamu kwa subira. Nguzo zikasimikwa, kutoka Kemondo hadi karibu na Muleba mjini. Mwaka wa kwanza zilipasuka. Mwaka wa pili vigogota walikuja. Mwaka wa tatu, kila nguzo ya nne au ya tano ilikuwa na tundu, na safu ya mwisho ya daftari langu ilikuwa imejaa kuliko safu nyingine zote. Mvua za radi zilipoanza, waya zikawa zinaanguka na wateja wanapiga simu.

Meneja alituita sote ofisini asubuhi moja. Mezani pake kulikuwa na bunduki mbili za upepo, mpya, zikiwa bado na karatasi.

"Tumemtambua adui," akasema. "Ni ndege. Vijana wawili watapita laini yote wakiwaua na kuziba matundu kwa saruji. Bi Pelagia, naambiwa una daftari linaloonyesha kila ndege alipo. Utawapa hilo daftari."

Wenzangu walitazama sakafu. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume anayeumwa mgongo. Nilijua vizuri kwamba kazi nyingine kama ile haipo.

"Sitalitoa," nikasema.

"Samahani?"

"Daftari linasema nguzo zipi zimeoza. Ukiwaua ndege, nguzo hazitapona. Mgonjwa akikohoa, hatumfungi mdomo tukasema amepona."

"Wewe umeajiriwa kukagua nguzo au kukagua ndege?"

"Nguzo, Bwana Meneja. Zile za kiwanda chako ni mbovu, na nimezipaka msalaba. Zibadilishwe."

Alizichukua bunduki moja moja akaziweka chini. Alisema kwamba nitajuta. Aliisema bila kupandisha sauti, na kwa miaka mingi nimefikiri kwamba mtu anayetisha kwa sauti ya chini ndiye wa kumwogopa.

Vijana walikwenda bila daftari langu. Waliua walichoweza kuona. Nilikuta zuwakulu wawili chini ya nguzo pale Muhutwe, vifua vyao vyekundu vimejaa sisimizi, na juu tundu limezibwa kwa saruji na kupakwa lami juu yake. Kwa mbali ungeapa nguzo ni mpya, kama si msalaba wangu mwekundu kifuani. Niliwazika kwa jembe la kuchimbia miguu ya nguzo. Nilijisikia mjinga, mtu mzima kuzika ndege, lakini niliwazika.

Wiki mbili baadaye nilitumwa kukagua upande wa Nshamba, mbali na kikosi changu. Nikiwa huko, mkono mmoja wa nguzo ulilegea kwenye laini ya Muhutwe, na Deogratias akatumwa kuukaza. Mvua ilikuwa imekatika. Alifika chini ya nguzo, akaona pete nyeupe, akaigusa kwa kiganja kama desturi yake, akapanda. Alipojifunga mkanda na kuvuta ule mkono, nguzo ilikatika pale penye saruji. Mkanda uliomshika ili asianguke ndio uliomshusha pamoja na kipande cha juu.

Hakufa. Paja lilivunjika mara mbili na nyonga ikasagika.

Nilifika hospitali kesho yake mchana. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kitanda, akanyanyuka, akatoka bila kunisalimia. Deogratias alikuwa ametazama dari.

"Dada," akasema, "ulinipa pete."

"Sikuipaka mimi. Nguzo ile niliipiga msalaba. Namba yake naijua, imo kwenye daftari."

"Niliigusa kwa mkono wangu. Ilikuwa nyeupe."

"Deo, sikuipaka mimi."

Akageuza uso ukutani. Nilisimama pale na mfuko wangu wa machungwa, nikijua kwamba naweza kuapa hadi jua lizame na haitabadilisha kitu. Nilipoteza wazazi wote wawili baadaye, na mume pia, na bado nasema saa ile ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kusimama.

Sikurudi nyumbani. Nilichukua bodaboda hadi Muhutwe. Kisiki cha nguzo kilikuwa bado kimesimama, na kipande cha juu kimelala kwenye migomba ya mama mmoja mkulima. Nilimwomba msumeno. Aliniuliza kama ni mali yangu; nikamwambia si mali yangu, ila aliyeanguka ni ndugu yangu. Akaleta msumeno, na akashika upande wa pili. Tulikata kipande cha urefu wa mkono, chenye ile saruji katikati, nikakifunga kwa kitenge na kukipakata kwenye bodaboda hadi kwangu Hamugembe. Dereva aliniuliza kama nimebeba mtoto. Nikamwambia nimebeba shahidi.

Makao makuu yalimtuma Mkaguzi Mkuu, mwanamume wa makamo asiyependa maneno mengi. Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja. Ripoti ilikuwa imekwisha kuchapwa kabla hatujakaa. Ilisema nguzo iliharibiwa na ndege, na kwamba mkaguzi wa nguzo alizembea kuiwekea msalaba. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi yangu.

"Weka sahihi hapo, Bi Pelagia," Meneja akasema. "Utapewa onyo tu, mambo yaishe."

"Siweki."

"Unaelewa unachokataa?"

"Naelewa. Nakataa uongo mara mbili: wa ndege, na wa kwangu."

Nikafungua kitenge, nikaweka kile kipande juu ya meza, juu ya ripoti yenyewe. Unga wa kahawia ukamwagika kwenye karatasi. Meneja akasogeza kiti nyuma.

Nilimweleza Mkaguzi Mkuu kama nilivyowaeleza ninyi. Nilimwonyesha dawa, jinsi ilivyoingia unene wa ukucha na kukomea hapo. Nilimwonyesha njia za mchwa. Nilibandua saruji kwa msumari wangu, nikamwonyesha chumba cha zuwakulu, mviringo na safi, bado kina manyoya mawili. "Huyu ndege," nikasema, "mdomo wake haupasui mti mzima. Mpe nguzo nzima na umpe mwaka, atakufa nje kwa mvua. Ametoboa hapa kwa sababu palikuwa pamekwisha kuoza. Hakuiharibu nguzo. Aliisema."

"Na pete nyeupe?" Mkaguzi Mkuu akauliza. Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza kwa ukali.

Nikafungua daftari. Namba ya nguzo, mguu, kifua, hukumu: msalaba. Ndege: zuwakulu, wawili. "Kisiki bado kimesimama," nikasema. "Twende."

Mkaguzi Mkuu akanyanyuka. Tulikwenda kwa gari moja, Meneja kiti cha mbele, mimi nyuma na kipande changu mapajani. Pale Muhutwe, yule mama mkulima na majirani zake walikuja kusimama kando ya migomba. Mkaguzi Mkuu alichomoa kisu cha mfukoni, akachutama mbele ya pete nyeupe, akaanza kukwangua taratibu. Rangi nyeupe ilitoka kama ngozi ya maziwa. Chini yake kulikuwa na wekundu. Alikwangua kwenda kushoto, kisha kulia, kisha chini, mpaka msalaba wangu ukaonekana wote.

Mama mkulima akasema, kwa Kihaya, neno moja ambalo sitaliandika.

Meneja alidai kwamba ni vibarua, na kwamba yeye hakujua. Aliyeshika brashi hakupatikana, na mimi simtaji nisiyemwona. Lakini tulizikata nguzo tatu zaidi siku ile, nilizozichagua kutoka kwenye daftari kwa safu ya mwisho tu, na zote tatu zilikuwa hivyo hivyo ndani.

Msidhani nilibebwa mabegani. Meneja alihamishwa, hakufukuzwa. Ripoti mpya iliandika kwamba nguzo ilianguka kwa "uchakavu", neno ambalo halimkosei mtu yeyote. Nguzo za kiwanda kile zilibadilishwa kidogo kidogo, kimya kimya, kwa miaka minne. Bunduki za upepo zilitoweka. Nami nilipewa barua ya onyo, kwa kosa la kukata mali ya kampuni bila kibali, na nikahamishiwa stoo. Barua ile niliitia fremu. Iko sebuleni kwangu, pembeni ya picha ya harusi, na wageni wakiuliza ninawasomea.

Deogratias alikuja stoo baada ya miezi minane, kwa magongo mawili. Nilikuwa nahesabu vikombe vya nguzo, nikamsikia kabla sijamwona, gongo la kushoto lilikuwa na sauti nzito kuliko la kulia. Alisimama mlangoni akipumua.

"Nilikwenda kukiona kile kisiki," akasema. "Nimeona chini ya nyeupe."

"Pole na safari."

"Dada, nilikugeuzia mgongo."

"Ulikuwa umevunjika paja, ungenigeuzia nini kingine?"

Akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia, halafu tukaenda kula ndizi. Sasa ana duka la vifaa vya baiskeli Kamachumu. Bado anapiga mluzi. Miti hapandi tena.

Stoo walinipeleka ili ninyamaze, na hapo walikosea. Kila nguzo iliyoingia Bukoba ilipita mlango wangu, na mlangoni kwangu nilikuwa na nyundo na keekee. Nilirudisha malori. Mameneja watatu walikuja na kuondoka wakiniita mkaidi, na mmoja alinipigia meza hadi chai ikamwagika. Nilifuta chai, nikarudisha lori. Katika miaka ile yote ya stoo hakuna fundi laini wa tawi letu aliyeangushwa na nguzo. Siku ya kuniaga walisema kwenye hotuba kwamba nilikuwa "mtumishi mwenye ushirikiano". Nilipopewa nafasi ya kujibu nilisema si kweli, na kwamba wasiwafundishe vijana uongo siku yangu ya mwisho.

Sasa nakaa kwangu Hamugembe, kwenye kibanja kidogo cha migomba na mibuni. Wanangu wanasema nipumzike na nisiwe mtu wa kugombana. Nawauliza, nani angebaki na miguu miwili katika kanda hii kama mimi ningekuwa mtu wa kupatana? Kuna watu wanaoamini kwamba heshima ya mzee ni kusamehe kila kitu na kuzungumza polepole. Mimi nimemsamehe Meneja kama mtu. Ripoti yake sijaisamehe. Nikiombwa leo kuitia sahihi, nitakataa leo.

Mwezi uliopita walikuja vijana wa laini mpya inayopita mpakani mwa kibanja changu. Injinia wao alikuwa binti, mwenye kofia ngumu na adabu. Nguzo ilikuwa imelazwa kando ya shimo, na pembeni yake kulikuwa na bati lililokunjwa.

"Shikamoo bibi. Tunaomba ruhusa ya kusimika hapa."

"Marahaba. Hilo bati la nini?"

"La kuizungushia nguzo juu, bibi. Tumeambiwa eneo hili lina ndege waharibifu."

Niliketi ukingoni mwa shimo lao, miguu ndani. Nilimwambia nguzo ruhusa, bati hapana. Alijaribu kunieleza. Mafundi wake wakaanza kunung'unika, mmoja akatazama saa. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, ukiifunga bati, hutajua kitu mpaka mtu aanguke. Mwache ndege aifikie." Akaniuliza mimi ni nani. Nikamweleza. Ilichukua muda, na jua likapanda, na mimi sikutoka shimoni.

Mwishoni alikwenda mwenyewe garini akaleta keekee, akatoboa ile nguzo mbele yangu, akamimina unga kiganjani mwangu. Mkavu, rangi ya maziwa. Nikanyoosha mkono, akaninyanyua. Wakaisimika bila bati.

Jana asubuhi nilikuwa napalilia. Kigogota wa kijivu alitoka upande wa mtoma, akatua kwenye ile nguzo, karibu na juu. Akagonga mara mbili. Akatulia, kichwa amekiinamisha upande. Akapanda kidogo, akagonga tena mara moja.

Hakupata kitu. Akaruka, akaenda zake.